Kipanga wa Malta: aliyeonewa si lazima awe mtu unayempenda

Leo siongelei ndoa ya staa yeyote wala nani kamuacha nani. Leo nataka tuongelee muvi moja ya zamani, ya nyeusi na nyeupe, ambayo mimi binafsi naiweka juu ya muvi nyingi za siku hizi zenye magari yanayolipuka kila dakika tano. Inaitwa The Maltese Falcon, yaani Kipanga wa Malta, ilitoka Marekani mwaka 1941. Najua kuna watakaosema, "Dada, 1941 bibi yangu alikuwa hajazaliwa!" Sawa, ila vumilieni nimalize, kwa sababu mambo ya humo ndani yalishanikuta mimi hapa hapa Dar, tena kwenye kikoba.

Nawatahadharisha mapema: nitaisimulia mpaka mwisho. Wale wasiopenda kuambiwa muuaji ni nani, mkaiangalie kwanza kisha mrudi. Haina hata saa mbili.

Tuanze na ilikotoka. Muvi hii imetolewa kwenye riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1930. Huyu Hammett hakuwa mtu wa kukaa mezani akabuni tu mambo ya upelelezi. Kabla ya uandishi alishawahi kuajiriwa na kampuni ya wapelelezi ya Pinkerton, kwa hiyo kazi ya kumfuata mtu barabarani bila mwenyewe kujua aliifanya kwa miguu yake. Riwaya yake ilitengenezewa muvi mara mbili kabla ya hii, mwaka 1931 na mwaka 1936, na leo ni wachache wanaozitaja. Ya tatu alipewa John Huston, mwandishi wa miswada ambaye alikuwa hajawahi kuongoza muvi hata moja. Nafasi ya mpelelezi walimpelekea kwanza George Raft, aliyekuwa staa mkubwa wakati ule, akaikataa. Ndipo ikaangukia kwa Humphrey Bogart. Hapo ndipo msemo wa riziki haina fundi unapopata maana yake, maana muvi hiyo ilimpandisha Bogart mpaka juu kabisa.

Stori yenyewe iko hivi. Mji ni San Francisco. Kuna ofisi ya wapelelezi wawili wa kujitegemea, Sam Spade na Miles Archer. Siku moja anaingia mrembo mmoja, sauti inatetemeka, macho chini, anajitambulisha kwa jina la Wonderly. Anasema mdogo wake ametoroshwa na mwanaume anayeitwa Thursby, anaomba huyo mwanaume afuatiliwe. Anaweka mezani noti mbili za dola 100. Archer, ambaye macho yameshamtoka kwa yule dada, anasema kazi hiyo ataifanya mwenyewe. Usiku huo huo Archer anapigwa risasi, anabingirika kwenye mteremko. Haupiti muda mrefu, Thursby naye anauawa.

Kuanzia hapo inakuwa vurugu tupu. Yule dada kumbe si Wonderly, mara ni Leblanc, mara ni Brigid O'Shaughnessy. Anatokea jamaa mmoja anayenukia marashi, Joel Cairo, ameigizwa na Peter Lorre. Anatokea mzee mnene mwenye maneno matamu, Gutman, ameigizwa na Sydney Greenstreet, ambaye alikuwa na miaka zaidi ya 60 na hiyo ndiyo muvi yake ya kwanza maishani, halafu akaingia kugombea tuzo ya Oscar. Kumbe wote hao wanatafuta kitu kimoja: sanamu ya kipanga, ya dhahabu na vito, iliyopakwa rangi nyeusi ili isijulikane thamani yake.

Hii ya kipanga ina chembe ya ukweli. Mwaka 1530 Kaizari Charles V aliwapa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana kisiwa cha Malta, na kodi yake ilikuwa kipanga mmoja kila mwaka. Hammett akachukua hapo, akageuza ndege wa kweli kuwa ndege wa dhahabu. Gutman anasema amemtafuta ndege huyo miaka 17. Anapompata hatimaye, anachukua kisu anakwangua ile rangi nyeusi, anakwangua na kukwangua huku jasho linamtoka. Ndani hakuna dhahabu. Ni madini ya risasi tu. Feki!

Watu wengi wakiongelea muvi hii wanaishia hapo kwenye ndege. Mimi kilichonikaa ni yule marehemu, Miles Archer.

Archer ana dakika chache sana kwenye muvi. Na katika dakika hizo hakuna kinachokufanya umpende. Ni mtu wa tamaa, ana mke nyumbani lakini anamkodolea macho mteja. Spade mwenyewe hakumpenda. Tena mbaya zaidi, Spade alikuwa anatembea na mke wa Archer! Mwili wa mwenzake haujakaa sawa kaburini, ameshamwambia katibu wake aondoe jina la Archer kwenye kibao cha mlangoni. Mtu wa namna hiyo ungetegemea alie kwenye msiba? Hakulia.

Lakini sasa tazama mwisho. Spade anajua nani amemuua Archer. Ushahidi ulikuwepo tangu usiku wa kwanza: bastola ya Archer ilikuwa bado kiunoni na koti lake limefungwa vifungo. Mpelelezi mzoefu kama yule asingeingia kwenye kichochoro chenye giza na mwanaume anayemfuatilia huku silaha iko ndani ya koti. Angeingia na nani bila wasiwasi? Na mteja wake mrembo. Ni Brigid aliyempiga risasi. Brigid ambaye kufikia hapo yeye na Spade wameshapendana, au tuseme wameshafika mahali ambapo hata wao hawajui ni mapenzi au ni nini.

Brigid analia, anasihi, anamwambia kama ananipenda asingehitaji sababu nyingine. Spade anamhesabia sababu moja baada ya nyingine. Ya kwanza kabisa ndiyo iliyonifanya nisimamishe muvi: mwenzako wa kazi akiuawa, unatakiwa kufanya kitu, na haijalishi ulikuwa unamuonaje. Kisha anamkabidhi kwa polisi.

Niliiangalia muvi hii kwenye kompyuta ya mtoto wa dada yangu, haina hata mtu wa kutafsiri, ni Kiingereza cha haraka haraka na maandishi chini. Kufika sehemu hiyo nilibaki nimeduwaa, kwa sababu mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimesimama mahali hapo hapo. Ngoja niwape mkasa, bila kumtaja mtu.

Kikoba chetu kilikuwa na wanawake 24. Sanduku la chuma, makufuli matatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakaa, tunanunua hisa, tunarejesha mikopo, mchelewaji anapigwa faini. Mimi nilikuwa katibu. Mweka hazina alikuwa shoga yangu, na nikisema shoga namaanisha mtu ambaye mama yangu alipolazwa wiki tatu, yeye ndiye alikuwa anampelekea uji asubuhi mimi nikiwa kazini. Hakuna msiba wala shughuli pale mtaani ambayo yeye hakuwa jikoni na khanga kiunoni. Kila mtu alimpenda.

Halafu kulikuwa na mwanachama mmoja ambaye, tuseme tu ukweli, hakuna aliyempenda. Ana duka la vipodozi. Akija msibani anakaa dakika kumi huku anaangalia saa. Akikusalimia ni kama amekukopesha. Mimi mwenyewe aliwahi kunisema mbele ya kikao kizima kwamba mwandiko wangu ni wa mtoto wa darasa la pili.

Huyo mama alikuwa na rejesho la mwisho la mkopo, shilingi 640,000. Wiki hiyo akapata msiba kwao mkoani, akaona atalikosa kikao, basi Alhamisi akapeleka pesa nyumbani kwa mweka hazina. Kwa katiba ya kikundi pesa inapokelewa kikaoni, lakini wenye kucheza vikoba mnajua wenyewe, mambo hayo yanafanyika kila siku. Hakupewa karatasi yoyote. Waliaminiana.

Jumamosi mweka hazina akasoma marejesho. Jina la yule mama likaitwa, akasema hajaleta.

Wiki mbili baadaye mama wa vipodozi karudi, akakuta ana faini na deni liko pale pale. Akawaka. Akasema alilipa, akataja siku, akataja saa, akataja mpaka rangi ya bahasha. Watu wakamwambia alete ushahidi. Mweka hazina akawa anatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu anayemuonea huruma mgonjwa. Kikao kikaamua hisa zake zikatwe kufidia deni. Yule mama, mwenye majivuno yale yote, akalia. Na alipolia, kuna mtu nyuma yangu akacheka.

Kicheko kile sikukisahau njia nzima kurudi nyumbani. Sio kwamba nilimuonea huruma sana, hapana. Ila kuna kitu kilikuwa kinanigonga kichwani kuhusu hiyo Alhamisi. Usiku nikafungua simu nikaanza kupandisha meseji za nyuma. Nikaikuta. Alhamisi ile ile, saa tisa alasiri, kutoka kwa shoga yangu: "Bibie wa vipodozi kashaleta mzigo wake, bado wawili tu tufunge."

Jamani. Nilikaa kitandani na ile simu mkononi mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikamfuata kwake, maana mtu wako humwanzi mbele za watu. Nikamuonesha. Kwanza akasema ile meseji ilimhusu mwanachama mwingine. Nikamwambia muuza vipodozi kwenye kikundi ni mmoja. Akasema basi, alileta nusu tu, na nusu haiandikwi. Nikanyamaza namtazama. Ndipo akasema kweli: biashara ya mumewe imekufa, mtoto amerudishwa ada, pesa ilikuwa mkononi mwake siku ambayo hakuwa na pa kushika. Hadithi tatu ndani ya dakika kumi, na kila hadithi ilikuja na machozi yake. Nilipomuona Brigid anabadilisha majina kwenye muvi, sikumshangaa hata kidogo.

Kisha akaniambia maneno ambayo bado nayasikia. "Shoga, yule ana hela. Laki sita kwake ni nini? Na wewe ukimtetea, nani atakushukuru? Yeye? Yule?" Akanyamaza kidogo. "Mama yako alipokuwa wodini alikuwa anakunywa uji wa nani?"

Sasa wadau, niambieni. Hilo swali la mwisho unalijibuje?

Kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza. Uji ule ulikuwa wa kweli. Wema wake haukuwa wa kuigiza. Na hapo ndipo watu wanapokosea kuhusu mambo ya haki: tunadhani mwizi atakuwa na sura ya mwizi na mwenye kuibiwa atakuwa na sura ya huruma, basi sisi kazi yetu ni kuchagua sura. Maisha hayaji hivyo. Mara nyingine aliyekosa ndiye mtu mzuri kuliko wote mtaani, na aliyeonewa ni mtu ambaye ukimuona unavuka barabara. Wazee walishasema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunapenda ile sehemu ya kwanza, ya pili tunaimeza.

Na mimi nikahesabu sababu zangu, kama Spade kwenye vidole, ingawa wakati huo sikuwa namjua. Moja, daftari lile lina saini yangu. Mbili, wanawake 22 waliobaki wameweka pesa zao mle kwa kuamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Tatu, nikinyamaza leo kwa sababu aliyeibiwa hapendwi, basi kikoba chetu kinalinda pesa za wanaopendwa tu, na kupendwa hakudumu, kesho inaweza kuwa zamu yangu. Nne, yeye mwenyewe angejua kila akinitazama kwamba namjua, na mimi ningejua kwamba anajua. Urafiki gani huo? Upande wa pili wa mizani kulikuwa na kitu kimoja tu: nilikuwa nampenda. Na kilikuwa kizito kuliko vyote vinne.

Nikampa mpaka Jumamosi aseme mwenyewe. Nikamwambia nitasimama naye, tutaomba alipe kidogo kidogo, hatutamuaibisha. Jumamosi ikafika, ajenda zikapita, hakusema. Nikasimama, nikaisoma ile meseji.

Yaliyofuata hayakuwa ya muvi. Hakuna aliyepiga makofi. Kikundi kiliamua alipe kwa miezi mitano, na alilipa mpaka shilingi ya mwisho, hilo nampa heshima yake. Akaacha kikoba, baadaye wakahama mtaa. Tukikutana sokoni anapita upande mwingine. Kuna wanachama walioniambia kwamba nimejijengea jina kwa kumuuza mwenzangu. Na mama wa vipodozi? Alizihesabu pesa zake mara mbili, akazitia kwenye pochi, akauliza riba ya wiki tatu ambazo hisa zake zilishikiliwa itakuwaje. Asante hakuna.

Mama yangu nilimsimulia jioni hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umefanya haki, mwanangu." Kisha akageukia ukutani. Chakula cha usiku ule hakukigusa.

Baada ya kuiangalia muvi nilitafuta na riwaya yenyewe, na nikakuta kitu ambacho Huston alikiacha. Kwenye muvi, picha za mwisho ni Brigid kwenye lifti, vyuma vya mlango vinapita mbele ya uso wake kama nondo za jela, na Spade anashuka ngazi amebeba ule mzigo wa risasi. Kwenye kitabu hadithi inaendelea mpaka kesho yake ofisini. Katibu wake Effie, msichana mwaminifu kuliko wote, anamwambia anajua alichofanya ni sahihi, lakini kwa sasa asimguse. Niliposoma ukurasa huo nilikifunga kitabu nikakiweka pembeni. Nilijua kabisa Effie ni nani nyumbani kwetu.

Kuna watu wanasema Spade ni mtu katili, hana moyo. Mimi nawaambia mkatazame tena uso wa Bogart pale mwishoni. Macho yamemjaa, midomo imekauka, anaongea haraka haraka kama mtu anayeogopa akinyamaza tu atabadilisha mawazo. Mtu asiye na moyo hahitaji kujihesabia sababu zote zile, angesema moja akaondoka. Na pesa pia hakuchukua: ile dola 1,000 aliyoachiwa na Gutman aliikabidhi kwa polisi. Alibaki hana mwanamke, hana hela, hana hata ndege wa kweli. Alichofanya alikifanya kwa ajili ya mtu aliyekuwa anamdharau. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kumlipia kisasi mtu unayempenda, maana hilo la pili hata nyoka analiweza.

Halafu mjue dunia ina utani wake. Mwaka 2013 moja ya sanamu za kipanga zilizotumika kwenye muvi hiyo iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 4. Ndege feki wa risasi, aliyemtoa mzee Gutman jasho, amekuja kuwa na thamani ya kweli. Mwaka 1989 muvi yenyewe iliingizwa kwenye kundi la kwanza la filamu 25 ambazo Marekani iliamua zihifadhiwe kama urithi wa taifa. Kwenye Oscar iligombea tuzo tatu, ikatoka mikono mitupu. Kwa hiyo na wewe ambaye hukushukuriwa mwaka huu, tulia.

Basi wadau, kazi kwenu. Kila kikundi kina Archer wake: kazini, kwenye ukoo, kwenye kwaya, kwenye kikoba. Yule ambaye akionewa watu wanatazamana na kutabasamu. Umeshamjua wa kwenu ni nani? Na siku ikifika, ushahidi uko kwenye simu yako peke yako, na mkosaji ni yule aliyempikia mama yako uji, utafanyaje? Semeni ukweli wenu hapo chini, na msimtaje mtu jina.